Ubuyu si wa kutafuna barabarani tu: Jinsi ya kuupanda, kuuhifadhi na kumpa mtoto

Mitandaoni siku hizi ukimwambia mtu una ubuyu, atavuta kiti asikilize, akijua unamletea umbea wa mjini. Kwa wakazi wa Dodoma na Kanda ya Kati, hata hivyo, ubuyu ni ule ule wa tangu enzi za mababu: tunda lenye ganda gumu na unga mweupe mchachu ndani, linaloning'inia kwenye miti minene iliyosimama hapa miaka mingi kabla Serikali haijaamua, mwaka 1973, kuhamishia makao makuu Dodoma.

Ukisafiri kutoka Morogoro, ukishapita Gairo, mibuyu inaanza kukukaribisha Pandambili na kuendelea. Ukishika njia ya Iringa kuelekea Mtera, ndiyo hivyo hivyo. Kongwa na Mpwapwa ipo, Chamwino ipo, na baadhi ya nyumba za mjini zimejengwa kivulini mwake.

Pamoja na wingi huo, ni familia chache zinazouhesabu ubuyu kama zao la kupandwa na kuwekwa akiba. Wengi huuokota wakiukuta, watoto huutafuna njiani kutoka shule, na unaobaki hununuliwa na wachuuzi wakaupeleka mijini. Zabibu ndiyo iliyoupa mkoa jina, hivyo zabibu inapaliliwa, inamwagiliwa na kuwekewa ua. Mbuyu unaachwa ujitegemee.

Kwa mzazi mwenye mtoto mdogo, hapo kuna kitu anakipoteza.

Kwa nini mzazi aujali

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi, mtoto na viashiria vya malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 59 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miezi sita hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu. Hao ni karibu watoto sita katika kila kumi. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa.

Upungufu wa damu una sababu nyingi. Malaria ni mojawapo, minyoo ni nyingine, na wapo wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu. Lakini sababu inayohusu jiko la nyumbani moja kwa moja ni ukosefu wa madini ya chuma mwilini.

Mtu anaweza kushangaa: mbona watoto wa Dodoma wanakula uji wa uwele na mtama, mlenda, kunde na mboga za majani, vyakula ambavyo vina chuma? Ni kweli vina chuma, ila chuma cha kwenye nafaka na majani si rahisi kufyonzwa kama kile cha nyama, maini au dagaa. Ndani ya nafaka na kunde kuna viambata vinavyokishika chuma hicho na kukizuia kuingia kwenye damu. Mtoto anashiba, lakini sehemu kubwa ya chuma inapita na kutoka.

Hapa ndipo vitamini C inapofanya kazi. Ikiwa kwenye mlo ule ule, inakibadili chuma cha mimea kuwa katika hali ambayo utumbo unaweza kukifyonza kwa urahisi zaidi. Na ubuyu ni miongoni mwa matunda yenye vitamini C nyingi.

Vipimo vya maabara hutofautiana kati ya mti na mti na kati ya eneo na eneo, lakini mara nyingi gramu 100 za unga wa ubuyu hukutwa na miligramu 150 hadi 300 za vitamini C, na wakati mwingine zaidi. Chungwa, ambalo kila mtu analisifia, lina takriban miligramu 50 kwa gramu 100. Ubuyu una pia madini ya kalsiamu na nyuzinyuzi nyingi, zinazosaidia choo kuwa laini.

Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu kuuzwa kama chakula katika nchi zake mwaka 2008, na Marekani ikafuata mwaka 2009. Tangu hapo unga huu unauzwa kwenye maduka ya vyakula vya afya huko, kwenye pakiti ndogo za bei kubwa. Hapa kwetu unakanyagwa njiani.

Kiasi gani kinamtosha mtoto

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji takriban miligramu 30 za vitamini C kwa siku, kwa mujibu wa mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO).

Tupige hesabu. Kijiko kikubwa kimoja cha unga wa ubuyu ni kama gramu 10. Ubuyu ukiwa na miligramu 150 kwa kila gramu 100, kijiko hicho kinampa mtoto miligramu 15, yaani nusu ya mahitaji yake ya siku. Ukiwa na miligramu 300, kijiko kimoja kinamaliza hesabu yote.

Kwa mtoto anayeanza, usimpe kijiko kizima siku ya kwanza. Nyuzinyuzi ni nyingi na tumbo lake linaweza kujaa gesi. Anza na kijiko kidogo cha chai, mwangalie kwa siku mbili tatu, kisha ongeza taratibu.

Kosa linalofanyika majumbani mwingi ni kuuchemsha ubuyu. Vitamini C haipendi moto. Ukiuchemsha pamoja na uji kwa nusu saa, utabaki na uchachu huku sehemu kubwa ya faida ikiwa imepotea. Pika uji wako kama kawaida, uepue, uache upoe hadi uwe wa kumpa mtoto, ndipo ukoroge unga wa ubuyu.

Kwa juisi ni vivyo hivyo. Loweka ubuyu kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, uache kwa muda, vuruga hadi unga utoke kwenye mbegu, kisha chuja. Tengeneza ya kutosha siku hiyo tu, maana juisi ikilala bila friji inaanza kuchacha.

Jambo jingine ni chai. Familia nyingi humpa mtoto chai ya rangi pamoja na chakula. Chai inazuia chuma kufyonzwa, hivyo inabomoa kile ambacho ubuyu unajenga. Mlo wa mtoto uende na maji au juisi ya ubuyu, na chai iwe mbali na chakula, au isiwepo kabisa kwa mtoto mdogo.

Mambo ya kuangalia kabla ya kumpa

Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi ubuyu wala kitu kingine chochote zaidi ya maziwa ya mama, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya. Baada ya miezi sita anaweza kuanza kuonja unga uliochekechwa vizuri ndani ya uji.

Mbegu ni hatari. Ni ngumu, ni laini kwa nje na ukubwa wake unatosha kuziba koo la mtoto. Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachiwe ubuyu wa kumumunya wenye mbegu, hasa akiwa anakimbia, anacheka au amebebwa mgongoni. Mpe unga au juisi.

Ule ubuyu mwekundu unaouzwa kwenye vipakiti ni habari nyingine. Umepikwa na sukari, ukatiwa rangi, iliki na wakati mwingine pilipili. Ni kitafunwa cha kuburudisha, hauwezi kuchukua nafasi ya unga wa ubuyu kwenye lishe ya mtoto. Sukari na uchachu vikikaa mdomoni kwa muda mrefu vinaharibu meno. Ukimnunulia, chagua uliofungwa vizuri, wenye jina la mtengenezaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kisha asukutue mdomo kwa maji akimaliza.

Wapo wazazi wanaotumia ubuyu mtoto anapoharisha. Juisi yake inaweza kunywewa kama kinywaji kingine chochote, lakini haichukui nafasi ya maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki vinavyotolewa kituo cha afya. Mtoto anayeharisha huku macho yamedidimia, analegea au hawezi kunywa, apelekwe kituoni mara moja.

Hali kadhalika, ubuyu si dawa ya upungufu wa damu uliokwisha kuwa mkubwa. Ukiona viganja na ndani ya kope vimepauka, mtoto anachoka haraka, anahema kwa shida au anakula udongo, mpeleke akapimwe. Huenda ni malaria au minyoo, na kila kimoja kina tiba yake. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa kuwa ubuyu una madini ya potasiamu kwa wingi.

Kuvuna bila kumvunja mtu mguu

Mbuyu huchanua mvua zinapokaribia na zinapoanza. Maua yake meupe hufunguka jioni na kunyauka siku inayofuata, na wachavushaji wake wakuu ni popo wanaokuja kunywa nekta usiku. Anayewachoma moto popo kwenye mapango ya miti, au kuwafukuza kwa moshi, anapunguza ubuyu wake wa mwakani bila kujua.

Tunda huchukua miezi kadhaa kukomaa. Kwa Dodoma, ambako mvua nyingi hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mabuyu huwa tayari mvua zikishaondoka, wakati majani nayo yanapukutika. Buyu lililokomaa limeacha rangi ya kijani, ganda limekauka na kikonyo kimekuwa kigumu. Ndani, nyama ya tunda inakuwa imekauka yenyewe juu ya mti na kuwa unga. Ni matunda machache yanayofanya hivyo, na ndiyo siri ya ubuyu kukaa muda mrefu.

Ajali nyingi hutokana na kupanda. Shina ni nene na laini, halina matawi ya kushika chini, hivyo wengine hupigilia vigingi vya mbao wakavitumia kama ngazi. Kigingi kikioza, anayeanguka mara nyingi ni kijana wa shule. Vidonda hivyo pia vinaufungulia mti njia ya kuoza. Njia salama ni kutumia upondo mrefu wenye ndoano, au kusubiri mabuyu yaanguke na kuyaokota kila siku kabla mchwa na panya hawajayafikia.

Kuhifadhi: kosa dogo, hasara kubwa

Kanda ya Kati inaijua gharama ya chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 2016 watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafariki dunia katika mlipuko wa sumukuvu uliohusishwa na mahindi yaliyoota ukungu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ubuyu ni mkavu na mchachu kuliko mahindi, lakini kanuni ni ile ile: unyevu ukiingia, ukungu unaweza kufuata.

Ghala bora la ubuyu ni ganda lake. Buyu zima lisilo na ufa linaweza kukaa miezi mingi, hadi msimu mwingine, bila unga wake kuharibika, mradi liwe mahali pakavu. Kwa hiyo usipasue yote kwa siku moja. Yachambue kwanza: yenye nyufa, matundu ya wadudu au yaliyonyeshewa yaweke kando, yapasue mapema na uyakague. Ukikuta unga umebadilika kuwa mweusi au kijani, au unanuka uvundo, tupa. Usijaribu kuuokoa kwa kuukaanga, kwa sababu sumukuvu haimalizwi na moto wa jikoni.

Mabuyu mazima yapange juu ya chanja, yasiguse sakafu wala ukuta, kwenye chumba kisichovuja na chenye hewa. Yasiwekwe chumba kimoja na mbolea au dawa za kilimo.

Siku ya kupasua, chagua siku ya jua isiyo na unyevu. Nawa mikono, kausha vyombo. Toa nyuzi, twanga taratibu kwenye kinu kisafi ili unga uachane na mbegu bila kuzipasua, kisha chekecha. Usiuoshe. Usiuanike juani siku nzima ukidhani unaukausha. Jua kali na mwanga vinapunguza vitamini C.

Unga wa ubuyu unavuta maji kutoka hewani. Ukiuacha wazi utashikana mabonge. Uweke kwenye chupa au ndoo yenye mfuniko unaobana, iliyokauka kabisa, na uiweke kabatini gizani. Ni vizuri kuugawa kwenye vyombo vidogo vidogo, ili unaofunguliwa leo umalizike kabla ya kufungua mwingine. Andika tarehe. Dumu lililowahi kubeba dawa ya wadudu halifai, hata likioshwa mara kumi.

Unga mzuri ni mweupe au wa rangi ya krimu. Kadiri unavyozeeka unaelekea kuwa wa kahawia, dalili kwamba vitamini C inapungua. Ukiwa haujaota ukungu bado unaliwa, ila kwa mtoto tumia ule mpya.

Mbegu zisitupwe. Huweza kukaangwa na kusagwa, au kukamuliwa mafuta. Na baadhi yake zirudi ardhini.

Hata mbuyu ulianza kama mchicha

Methali hii kila mtu anaijua, lakini wachache wamewahi kuuona mbuyu ukiwa mchicha. Sababu ni mbuzi. Mche mdogo una majani laini kama mboga, na kwenye eneo la malisho hauvuki msimu mmoja. Ndiyo maana sehemu nyingi kuna mibuyu mikongwe bila vijana wa kuirithi.

Suala hili si dogo. Mwaka 2018 wanasayansi waliripoti kwamba mibuyu 9 kati ya 13 iliyo mikongwe zaidi barani Afrika ilikuwa imekufa au kuanguka sehemu yake tangu mwaka 2005, mingi ikiwa kusini mwa bara. Hapa Tanzania, katika hifadhi za Ruaha na Tarangire, tembo huibandua magome na kuitafuna. Nje ya hifadhi, mashamba na viwanja vya nyumba ndivyo vinavyoipunguza.

Kuotesha hakuhitaji mtaji. Chagua mbegu kutoka kwenye mti unaozaa sana na wenye ubuyu mtamu, maana ipo mibuyu inayochanua kila mwaka lakini haizai, ambayo watu huiita madume. Osha mbegu hadi unga wote utoke. Ziweke kwenye chombo, zimwagie maji yaliyochemka, kisha ziache kwenye maji hayo yapoe hadi kesho yake. Bila hatua hiyo ganda gumu linaweza kuichelewesha mbegu kwa miezi.

Panda kwenye viriba virefu vyenye mchanganyiko wa udongo, mchanga na samadi iliyooza, kwa kuwa mzizi mkuu unashuka haraka. Mwagilia kiasi, udongo usituame maji. Mbegu nyingi zitachomoza ndani ya wiki chache, nyingine zitachelewa.

Mche ukifika urefu wa mkono wa mtoto, uhamishe mvua zinapoanza. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi, acha nafasi ya mita 10 au zaidi kutoka mti hadi mti na usiukaribishe ukuta wa nyumba. Panda zaidi ya mmoja, kwa sababu mbuyu unazaa vizuri ukipata chavua ya mti mwingine. Zungushia miiba, na imwagilie miche katika viangazi viwili vya mwanzo.

Kiangazi kikifika majani yatapukutika. Usiung'oe ukidhani umekufa. Unajihifadhia maji mzizini na utachipua tena mvua zikikaribia.

Tatizo ni subira. Mbuyu uliotokana na mbegu unaweza kuchukua miaka 8 hadi zaidi ya 20 kabla ya kuzaa. Njia ya mkato ni kubebesha: kitawi cha mti mkubwa unaozaa kinaunganishwa kwenye mche mchanga, na mti huo unaweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitano hivi, ukiwa mfupi wa kufikiwa kwa mkono. Muulize ofisa ugani wa kata yako. Aliyezoea kubebesha miembe anazijua hatua za msingi.

Wakati wa kusubiri mti si bure. Majani machanga ni mboga, na yakikaushwa kivulini na kusagwa yanaungwa kwenye chakula wakati wa kiangazi. Kabla mtoto uliyemzaa mwaka huu hajamaliza darasa la kwanza, mbuyu uliobebeshwa kwa ajili yake unaweza kuwa umeshampa ubuyu wa kwanza. Mbegu za kuanzia zipo kwenye buyu litakalopasuliwa jikoni wiki hii.